Datsun 240Z inapiga chafya kwenye kabureta nikishuka Mombasa, nibadilishe kabureta?

"Fundi habari. Nina Datsun 240Z ya 1972, injini yake ile ile ya L24 na kabureta mbili za Hitachi za kiwandani. Ilikaa miaka mingi bila kuwashwa, mwaka huu nikaifufua hapa Nairobi: plagi mpya, waya mpya, kepu na rota za distributa, kabureta zikasafishwa na kutyuniwa. Nairobi inaenda vizuri, asubuhi tu ikiwa baridi ndio inakohoa kidogo. Mwezi uliopita nikashuka nayo Mombasa, kufika Voi ikaanza, nikikanyaga mafuta ghafla kupita lori inapiga pafu kwenye kabureta, nguvu inakatika halafu inachukua tena. Mombasa ikazidi. Fundi wa kwanza akasema petroli inaingia nyingi, akapunguza, ikawa mbaya zaidi. Wa pili anasema vavu zimekwisha nifanye ovaholi. Wa tatu anasema hizi kabureta ni za kizamani niweke kabureta tatu za Weber. Nimsikilize nani? Na kuirudisha Nairobi ikiwa hivi ni hatari?"

Ndugu yangu, pole, na pia hongera, maana Z yenye kabureta zake za kuzaliwa nazo siku hizi si rahisi kuiona barabarani. Kuhusu nani umsikilize, kwa sasa usimsikilize yeyote. Mmoja kageuza nati ya kupimia petroli, mwingine kataja ovaholi, wa tatu Weber, na kwenye maelezo yako yote sijaona mahali mtu alipochomoa plagi akaiangalia rangi au akaweka geji ya kompresheni. Halafu wewe mwenyewe umetaja jambo kubwa kuliko yote waliyosema wao ila umelipita haraka haraka: Nairobi sawa, Voi ikaanza, Mombasa ikazidi. Nitafika hapo.

Kwanza tutenganishe kelele, kwa sababu watu wanachanganya mbili. Kuna ule mlio wa nyuma, kwenye bomba la moshi, unateremka mlima mguu umeutoa kwenye mafuta unasikia pa-pa-pa kwenye sailensa. Hiyo ni petroli isiyoungua inawakia huko nyuma, mara nyingi sababu ni bomba linavuja na kuvuta hewa, au kweli petroli ni nyingi. Wewe tatizo lako siyo hilo. Lako linatokea mbele, mdomoni mwa kabureta, na sababu zake mara nyingi ni kinyume kabisa. Nadhani fundi wako wa kwanza ndipo alipopotelea, alisikia mlio akafikiria petroli nyingi, akapunguza. Gari yenyewe ikamjibu kwa kuzidi.

Sasa inatokeaje. Moto unatakiwa uwake ndani ya silinda vavu zote zikiwa zimefungwa, usukume pistoni chini, na ikifika zamu ya kutoa moshi uwe umeshakwisha. Mwisho wa kutoa moshi kuna kipindi kifupi sana ambapo vavu ya kuingiza imeanza kufunguka na ya moshi haijafunga bado. Kama dakika ile mle ndani kuna kitu bado kinawaka, moto unakuta njia wazi kuelekea kwenye manifoldi, na kule kuna hewa na petroli zimeshachanganyika zinasubiri zamu yao. Inalipuka huko huko na pumzi yake inatokea kwenye kabureta. Swali basi ni kwa nini moto uwe bado unawaka wakati ule. Sababu inayoongoza ni mchanganyiko mwepesi, yaani petroli kidogo kwa hewa nyingi, kwa sababu mchanganyiko mwepesi unawaka polepole, kama kuni mbichi, unafukafuka mpaka muda wake unapita. Au cheche inakuja kwa kuchelewa, matokeo ni yale yale. Au cheche inakwenda silinda ambayo si yake. Au vavu ya kuingiza haifungi, au kemshafti, ile shafti inayofungua vavu, imelika. Basi, orodha yenyewe siyo ndefu.

Turudi kwenye safari yako. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, Voi mita 600 hivi, Mombasa ndio bahari yenyewe. Kabureta haina sensa, siyo kama Probox ambayo kompyuta inapima hewa na kurekebisha yenyewe kila sekunde. Yenyewe inatoa petroli kulingana na mvuto wa hewa inayopita, uzito halisi wa hewa ile haiujui vizuri. Ukipanda juu hewa inakuwa nyembamba na mchanganyiko unakuwa mzito, ukishuka hewa inajaa na mchanganyiko unakuwa mwepesi, na hakuna mtu aliyegusa nati. Ukipiga hesabu ya Nairobi na Mombasa, hata ukiingiza na joto la pwani ambalo linapunguza tofauti kidogo, mchanganyiko unakuwa mwepesi kwa kama asilimia 8. Injini iliyotyuniwa vizuri na ikaachiwa nafasi kidogo inaivumilia asilimia 8 bila kelele. Lakini injini ambayo fundi ameibana mpaka ukingoni ili isile mafuta, hiyo ikishuka inavuka ukingo. Na kule kukohoa kwa asubuhi Nairobi ndiko kulikokuwa kunakuambia kwamba uko ukingoni tayari, kwa sababu injini ya baridi inataka petroli zaidi, ikikosa inapiga chafya.

Kwa hiyo wanaosema gari hii haiwezi nchi yetu wanakosea. Z ndiyo iliyochukua Safari Rally mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, ikachukua tena 1973 na Shekhar Mehta na Lofty Drews, na njia zile hazikuwa tambarare.

Ila mwinuko peke yake sidhani kama unatosha kueleza pafu la kila ukikanyaga ghafla. Hapo ndipo nataka uangalie kitu kidogo ambacho mafundi vijana wengi hawakijui, kwa sababu hawakukua na kabureta za namna hii. Kabureta yako ya Hitachi imejengwa kwa mtindo wa kabureta za SU za Uingereza. Juu ina kuba, ndani ya kuba kuna pistoni inayopanda na kushuka kwa mvuto wa hewa, na chini ya pistoni kuna sindano inayoingia ndani ya jeti. Pistoni ikipanda sindano inatoka, petroli inaongezeka. Haina ile pampu ya kurusha petroli ukikanyaga ghafla ambayo kabureta nyingi nyingine wanazo. Badala yake katikati ya pistoni kuna kishimo cha oil na kijiti kinachozama humo. Ukikanyaga ghafla, oil inaichelewesha pistoni isiruke, hewa inapita kwa kasi juu ya jeti na kunyonya petroli ya ziada kwa muda mfupi, gari inachukua. Oil ikiwa haipo, pistoni inaruka juu mara moja, hewa inamiminika, petroli haijafika bado. Pafu! Halafu petroli inafika, gari inachukua. Soma tena ulivyoandika wewe mwenyewe, ndiyo hivyo hivyo.

Na kabureta zikisafishwa ile oil inamwagwa. Kuikumbuka kuirudisha ni jambo jingine.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, gari ikiwa imezimwa, fungua kile kifuniko kidogo juu ya kila kuba, ukitoe na kijiti chake. Kwenye kijiti kuna alama mbili, oil inatakiwa iwe kati ya hizo. Ukikirudisha polepole mkono uhisi kama kinazama kwenye kitu kizito kabla hujafika kwenye nyuzi za kufungia, ukiona kinateleza tu hadi chini basi ni kikavu. Weka oil nyepesi, SAE 20 ndiyo yake, usiweke ile nzito ya gia. Ukiwa hapo toa boksi la filta ya hewa, ingiza kidole mdomoni mwa kabureta uinue pistoni: inatakiwa ipande kwa uzito, na ukiiachia ishuke yenyewe bila kukwama mpaka usikie tak ya chuma chini. Ikikwama, uliza kama wakati wa kusafisha kuba ya mbele na ya nyuma hazikubadilishana pistoni. Kila kuba na pistoni yake ni jozi, zilichongwa pamoja, ukichanganya ndio unapata hizo za kukwama.

Baada ya oil, fanya jaribio la choki, halina gharama. Injini ikiwa imepata moto vizuri, mahali penye nafasi, kanyaga mafuta ghafla usikie pafu, halafu vuta kidogo tu ile lever ya choki pale katikati ya viti, ukanyage tena. Kwenye kabureta hizi choki haizibi hewa, inashusha jeti ili petroli iongezeke. Kama pafu limepotea au limepungua sana, umeshajua ni mchanganyiko mwepesi na ovaholi unaweza kuisahau kwa sasa. Kama halijabadilika hata kidogo, acha kabureta kabisa uende kwenye moto wa plagi. Chomoa na plagi zote sita uzipange kwa mpangilio wake juu ya gazeti: nyeupe kama chaki ni petroli kidogo, nyeusi ya masizi ni nyingi, rangi ya kahawia hafifu ndiyo unayoitaka. Zote zikiwa nyeupe ni jambo moja. Zikiwa nyeupe tatu za mbele tu, au tatu za nyuma tu, ni jambo jingine, kwa sababu kabureta ya mbele inalisha silinda ya 1, 2 na 3, ya nyuma 4, 5 na 6. Ukijua pafu linatoka kabureta ipi umeshapunguza kazi nusu, ila sikiliza kwa pembeni, usiinamishe uso juu ya kabureta iliyo wazi huku mtu anakanyaga mafuta. Nyusi zinaota tena lakini macho hapana.

Mchanganyiko mwepesi nao si lazima uwe wa nati. Hewa inaweza kuwa inaingia kwa mlango wa nyuma. Gari iliyokaa miaka mingi gasketi zinakauka, na hapo kwako pa kushuku ni gasketi ya manifoldi, vile vipande vya kuzuia joto kati ya kabureta na manifoldi, lile bomba la kusawazisha kabureta mbili, hosi ya servo ya breki, na ekseli za vipepeo vya kabureta, vile vibati vinavyofungua hewa ukikanyaga mafuta, ambazo zikilika zinavuta hewa pembeni. Injini ikinguruma pale pale, bana hosi ya servo kwa koleo, mlio ukibadilika umepata mmoja. Kwingine mafundi wanapuliza dawa ya kusafishia kabureta kwenye maungio na kusikiliza kama injini inapandisha mlio, inafanya kazi, lakini dawa ile inawaka kama petroli, kwa hiyo pulizo dogo dogo, mbali na bomba la moshi la moto, na kizima moto kiwe karibu. Ukiwa na uvujaji wa hewa halafu ukaongeza petroli kwa nati, umeficha ugonjwa tu.

Kama hakuna uvujaji, nati. Iko chini ya kila kabureta. Ukiipandisha mpaka juu kabisa petroli inakuwa kidogo kuliko zote, na pa kuanzia ni kuishusha mizunguko miwili na nusu kutoka hapo, zote mbili sawasawa. Fundi wa kwanza alipunguza kwa hiyo sasa hivi hujui ziko wapi, anza upya kwa kipimo hicho. Halafu songa robo kwa robo. Kuna kipini kidogo pembeni ya kabureta kinachoinua pistoni, kiinue kiasi cha milimita moja hivi injini ikinguruma: ikipandisha mlio na kubaki juu, petroli ni nyingi, ikitaka kuzima, ni kidogo, ikipandisha kidogo kisha ikatulia uko sawa. Na hakikisha jeti zote mbili zinarudi juu ukirudisha choki.

Sasa moto wa plagi. Mimi kawaida ningeanza huku kabla ya kabureta, kwako nimegeuza kwa sababu dalili zimeelekea kule waziwazi, lakini umebadilisha waya na kepu kwa hiyo siwezi kuuacha. Mpangilio wa silinda kuwaka kwenye L24 ni 1-5-3-6-2-4, silinda ya 1 ni ya mbele karibu na redieta, na rota inazunguka kinyume cha saa. Waya mbili zikibadilishana utasikia pafu muda wote hata gari ikinguruma tu, wewe huna hiyo, kwa hiyo sidhani. Kinachotokea zaidi ni kepu kuwa na ufa mwembamba au unyevu, na pwani unyevu ni wa bure, moto unaruka kutoka nguzo ya silinda moja kwenda ya jirani yake, ambayo ndiyo kwanza inamaliza kuvuta na vavu ya kuingiza haijatulia kwenye kiti. Usiku, mahali penye giza, fungua boneti injini ikiwa inanguruma uangalie. Ukiona vijicheche vya bluu vinatembea juu ya kepu au kwenye waya hata kama ni mpya, jibu unalo. Mpya siyo lazima iwe nzima, hasa hizi za bei rahisi.

Kama bado unatumia pointi, ile swichi ndogo ya kukata umeme ndani ya distributa, pima nafasi yake kwa fila geji, iwe kati ya milimita 0.45 na 0.55. Kisigino cha pointi kikilika nafasi inajifunga na taimingi, yaani wakati wa cheche, inachelewa yenyewe bila mtu kugusa distributa. Na vile vyuma vizito vya ndani ya distributa vikiganda kwa kutu, taimingi haisogei mbele injini ikipanda kasi. Taa ya taimingi inaonyesha hayo yote kwa dakika tano, kwa hiyo fundi anayesema anatega kwa sikio mwambie asante.

Joto nalo. Kama pafu linakuja baada ya kukaa foleni ya feri Likoni jua la saa saba, halafu ukitembea linaisha, ni petroli inachemka kwenye mabomba na mabakuli ya kabureta, maana kabureta zako zimekaa juu ya bomba la moshi. Rudisha ile sahani ya kukinga joto kama ilitolewa. Na kama linakuja ukiwa umekanyaga muda mrefu kwenye kasi, angalia filta na kutu ya tanki, petroli haifiki.

Fundi wa pili sitaki nimdharau, kwa sababu vavu kweli zinaweza. Ila vavu mbovu haingojei Voi. Ingekuwa vavu ungesikia pafu la mdundo, lile lile, kabureta ile ile, hata Nairobi. Pima kompresheni silinda zote sita, injini ya moto, plagi zote nje, mafuta yamekanyagwa mpaka mwisho. Usishtuke geji ikisoma chini ukiwa Nairobi, hewa yenyewe ni nyepesi, unachotafuta ni moja iliyoachana na wenzake. Nafasi ya vavu injini ikiwa ya moto ni milimita 0.25 za kuingiza na 0.30 za moshi. Ukishafungua kifuniko cha vavu kemshafti iko pale pale juu unaiona, angalia kila nundu. Nundu ya vavu ya moshi ikiwa imelika moshi hautoki wote, vavu ya kuingiza ikifunguka unarudi kwenye kabureta, na hii inapumbaza watu kwa sababu kompresheni inaweza kusoma vizuri kabisa. Ukiona nundu fupi kuliko wenzake au silinda moja iko chini sana, hapo acha vipimo vya nyumbani, mpelekee mtu wa hedi mwenye mashine.

Weber tatu? Zina sauti tamu na nguvu ya juu zinaongeza, sikatai. Lakini ni pesa nyingi, zinahitaji manifoldi yake na jeti za kuchagua moja moja, mwinuko zinauhisi vile vile, na gasketi inayovuja itaendelea kuvuja chini yake. Pesa hizo ukiweka nusu yake kwenye kuchonga upya ekseli za vipepeo na kuondoa pointi uweke moto wa elektroniki, utapata gari inayowaka asubuhi. Zitake Weber kwa kupenda, hiyo ni haki yako, ila usizinunue kama dawa ya pafu.

Kurudi Nairobi. Ilivyo sasa, usiirudishe. Siyo kwa sababu ya kelele. Mchanganyiko mwepesi chini ya mzigo unapandisha joto ndani ya silinda, na fundi wa Nairobi mara nyingi anakuwa ameisogeza taimingi mbele kufidia hewa nyepesi, vikikutana hivyo viwili kwenye mlima unatoboa pistoni au unaunguza vavu, na hapo fundi wa pili atakuwa amepata ovaholi yake. Ukisikia mlio wa kugongagonga kama changarawe ukikanyaga, punguza mguu hapo hapo. Hatari ya pili ni moto wa kweli: pafu moja likikuta petroli inavuja kwenye hosi iliyooza, gari inaungua. Badilisha hosi zote za petroli, usiendeshe bila boksi la filta ya hewa kwa sababu ndilo linalozuia ndimi za moto, na kizima moto kikae ndani. Ikitokea moto mdomoni mwa kabureta wakati unapiga stata, endelea kupiga stata, injini inauvuta ndani, ila ukiona umeshashika hosi au boksi zima, acha, toka. Na usimruhusu mtu yeyote amimine petroli kwa kifuniko cha chupa kwenye kabureta ili iwake, najua kila gereji wanafanya.

Oil ya kuba ikiwa sawa, hewa haivuji, na nati umeziweka ukiwa huko huko Mombasa, itapanda vizuri, mchanganyiko utakuwa mzito kidogo tu ukifika juu, na uzito kidogo hauui injini. Nairobi ukitaka punguza robo mzunguko kila upande uone, usizidishe. Ukishapima nitumie namba sita za kompresheni, picha ya plagi zimepangwa kwa mpangilio, na uniambie kwenye kile kishimo cha oil ulikuta nini.